Kondo la nyuma halingoji foleni ya Ngong Road

Kondo la nyuma likishatoka, wengi huona limemaliza kazi. Kazi yangu, ya kupima homoni zilizomo, ndiyo huanza hapo, tena mbio mbio. Ni nusu kilo hivi ya nyama iliyolowa damu, na vimeng'enya vilivyomo (protini zinazoharakisha mabadiliko ya kikemikali) bado vinachapa kazi kana kwamba mtoto hajazaliwa. (Mama akisema familia itakwenda kulizika nyumbani, sina neno. Ni lao.)

Kimeng'enya kinachoninyima usingizi ni 11β-HSD2. Wakati wa ujauzito huwa bawabu: kortisoli ya mama, homoni ya msongo, ikielekea kwa mtoto, sehemu kubwa huigeuza kuwa kortisoni, isiyo na makali. Homoni hizo mbili zinatofautiana kwa atomi 2 tu za haidrojeni. Kipande kikikaa mezani, bawabu haachi kazi, na jibu utakalopata litakuwa la meza yako. Kwa hiyo nakata vipande papo hapo, sehemu kadhaa kati ya kitovu na ukingo, nasuuza damu kwa maji baridi ya chumvi, kisha navitumbukiza kwenye nitrojeni ya kimiminika, nyuzi 196 chini ya sifuri. Zamani nilitegemea barafu na boda boda. Siku moja mvua ikanyesha, Ngong Road hapa Nairobi ikafunga kwa foleni, na kisanduku kikafika kina maji. Nilitupa sampuli zote. Kijana wa boda hakuwa na kosa, kosa lilikuwa la mpango wangu.

Maabarani nasaga kama miligramu 100 na kuongeza kipimo ninachokijua cha homoni zilezile, zilizotengenezwa kwa haidrojeni nzito. Kinachopotea njiani hupotea kwa zote, hivyo hesabu hurekebishika. Mafuta ya utando wa seli ndiyo kero: yasipochujwa, huizima sauti ya homoni ndani ya mashine ya kupimia.

Vifaa vya kupima kwa kingamwili (protini inayonasa homoni inayotafutwa) ni vya bei nafuu, lakini kwa kondo siviamini. Projesteroni, homoni ya ujauzito, imejaa humo, na kingamwili inayoifananisha kidogo tu na kortisoli itadanganyika. Mashine yangu, spektrometa ya masi, hupima uzito wa molekuli, huivunja, kisha hupima vipande: kortisoli yenye uzito wa 363 hutoa kipande cha 121, kortisoni ya 361 hutoa cha 163. Hata hapo pana mtego. Kortisoni chache hubeba kaboni nzito 2, zikafikia 363, uzito wa kortisoli. Lazima kromatografia, mrija ambao kila homoni hupita kwa mwendo wake, izitenganishe kwanza, hata kama kila sampuli itachukua dakika zaidi.

Wanafunzi huniuliza, "Daktari, kortisoli ikiwa juu, mama alikuwa na msongo wa mawazo?" Uchungu wa kuzaa wenyewe huipandisha. Kabla sijasema lolote nataka kujua alijifungua kwa njia ya kawaida, au alipasuliwa kabla uchungu haujaanza.