Kasi ya kufunguka: risasi kufika ni kitu kimoja, kufanya kazi ni kingine

Jumapili tulikuwa kwa dada yangu Kayole, mpwa wangu anaangalia video za Wamarekani wakiwinda kulungu kutoka mlima mmoja hadi mwingine, akaniuliza, "Anko, si risasi ni risasi tu, bora ifike?" Swali lake nimetembea nalo wiki nzima, juu jibu ndio hii dhana ambayo wengi hawajawahi kuisikia, kasi ya kufunguka.

Kwanza tuelewane. Hapa Kenya uwindaji ulipigwa marufuku 1977, kwa hivyo haya ni mambo ya huko. Na kulungu ninayemsema ni yule wa mkia mweupe, pembe zake zinaanguka kila mwaka zinaota zingine, swara wetu anakaa na zake mpaka kufa. Na nikisema risasi namaanisha kile kichwa kinachoruka, sio ganda na baruti.

Risasi ya jeshi imevikwa koti gumu mpaka kwa ncha, ikiingia kwa mnyama inaweza kupita kama sindano itokee upande wa pili, na mnyama anakimbia na hiyo maumivu akafie kichakani mahali hakuna mtu atampata. Ndio maana majimbo mengi ya Marekani yamezikataza kwa kulungu. Ya kuwindia ncha yake imeachwa laini, au ina tundu, au imewekwa kincha cha plastiki, ili ikigonga nyama ifunguke ikae kama uyoga, upana uongezeke hata karibu mara mbili, mnyama aanguke haraka. Binamu yangu aliye Montana alinitumia picha ya moja aliyoitoa wakati anachuna: iko kwa kiganja, mbele imekunjuka kama ndizi iliyomenywa nusu, nyuma bado duara safi na mikwaruzo ya mtutu unaiona kabisa.

Sasa ni nini kinaifungua? Kasi. Chukua nyanya uidondoshe kutoka kwa meza, inadunda tu, lakini irushe ukutani na nguvu zako zote uone. Kila risasi ya kuwindia ina kasi ambayo chini yake haifunguki vizuri. Nyingi za kawaida ni kama mita 550 kwa sekunde, wenyewe wanahesabu futi 1,800, zile za shaba tupu mara nyingi zinataka zaidi ya hapo, na zile zimetengenezewa masafa marefu zinafunguka hata kwa kasi ya chini.

Hapo ndio masafa yanaingia. Bunduki ya binamu ni ya .308, yaani upana wa risasi yake kwa inchi, anatumia risasi ya greni 150, hiyo ni karibu gramu 10, na inatoka mtutuni na mita 860 hivi kwa sekunde. Hewa inaishika njia nzima, ikifika mita 450 imeshuka mpaka kwa ile 550. Ukipiga mita 600 unaweza hata kulenga vizuri, ukagonga pale pale kifuani, mahali pa moyo na mapafu penye ukubwa wa sahani ndogo, na bado risasi ipite bila kufunguka. Mtu anadhani amekosa shabaha kumbe risasi ndio ilifika imechoka.

Kuna namba nyingine wanaipenda sana, ya venye risasi inakata hewa. Ndefu na nyembamba yenye mkia uliochongwa inapoteza kasi polepole na upepo hauisukumi sana pembeni. Ni namba ya maana, lakini inakuambia safari tu, haikuambii kitu kuhusu pale inapogonga, na naona watu wananunua kwa hiyo namba peke yake.

Halafu kuna upande wa pili. Ukichukua risasi laini inayofunguka na kasi ndogo, kulungu akatokea mita 40 mbele yako, itamgonga na kasi kubwa mno ipasukie begani juu juu, isifike ndani. Shida kama hiyo ndio ilimsumbua Mmarekani mmoja, John Nosler, alikuwa anawinda yule mnyama mkubwa wa jamii ya kulungu huko Kanada risasi zikashindwa kupenya, akaunda yenye ukuta katikati, mbele inafunguka, nyuma inabaki nzima iendelee kusukuma. Alianza kuiuza 1948 na mpaka leo inatengenezwa. Kwa hivyo kuchagua ni kujiuliza mnyama wa karibu zaidi atakuwa wapi na wa mbali zaidi wapi, kisha utafute risasi inayofanya kazi kwa kasi zote mbili.

Na hata mahali ulipo panabadilisha hesabu. Hewa ya Nairobi ni nyepesi kuliko ya Mombasa juu tuko kwa mwinuko, risasi ile ile huku ingebaki na kasi yake mbali zaidi. Baridi nayo inafanya hewa iwe nzito na baruti nyingi zisukume kidogo, na binamu anawinda Novemba kwa theluji. Hesabu yake ya karatasi inasema 450, lakini kwa kitako cha bunduki amebandika kipande cha seloteipu, ameandika na kalamu ya wino: mwisho 350.