Kabla Hujanunua Mashine: Jinsi ya Kuchunguza Wazo la Biashara Ndogo Hapa Lamu

Wengi wanaokuja kwetu kuuliza habari za biashara swali lao la kwanza ni pesa, yani mtaji nitaupata wapi, na ukimuuliza mtaji wa kufanya nini anakwambia chochote bora iwe biashara. Kazi yangu ni kufundisha wafanyabiashara wadogo na sehemu kubwa ya kazi hio ni kumtuliza mtu kidogo. Utafiti wa KNBS, shirika la takwimu la taifa, wa mwaka 2016 ulihesabu biashara ndogo na za kati milioni 7.41 nchini, milioni 5.85 kati yao zikiwa hazina leseni, alafu ukasema zingine kama milioni 2.2 zilishafungwa ndani ya miaka mitano iliyotangulia. Hizo zilizofungwa pia zilikuwa na mtaji.

Sasa wazo lenyewe linatoka wapi? Vijana wengi siku hizi wanalitoa YouTube, anaona mtu wa Kiambu ana kuku elfu moja na yeye anataka kuku elfu moja Lamu, hajajiuliza chakula cha kuku kitafikaje. Kitapakiwa lori, kisafiri zaidi ya kilomita 300 kama kinatoka Mombasa, kishushwe Mokowe, hamali alipwe, boti ilipwe, kikifika jeti hamali mwingine alipwe, alafu punda ama mkokoteni mpaka mlangoni kwako manake gari huku hamna. Bei ya gunia uliyoiona kwenye simu si bei yako wewe. Kila wazo la kisiwani lipite kwanza kwenye hio safari ndio uanze kulipenda.

Mimi huwa nawaambia watu tembea na daftari dogo wiki mbili tatu na uandike kila mara unaposikia neno "hakuna". Hakuna, imeisha, mpaka boti ije. Fundi hayuko, ameenda Mombasa. Hio tunatengeneza Malindi. Andika na tarehe na nani alikuwa anatafuta, manake kitu kimoja kikikosekana mara moja ni bahati mbaya lakini kikitafutwa na watu sita tofauti hapo pana jambo. Angalia pia vinavyotoka ghafi vikarudi vimepakiwa, simsim na korosho za upande wa Hindi na Mpeketoni, hapa hapa Lamu bara, zinapita hapa kwa magunia alafu sisi tunanunua korosho ya kukaanga ya pakiti iliyotoka mbali. Sisemi kila mtu aanze kukaanga korosho, nasema hapo pana pengo la bei na pengo la bei ndilo la kuchunguza.

Nichukue mfano mmoja tuufuate mpaka mwisho. Kulikuwa na dada mmoja wa mtaa wa Langoni kwenye mafunzo, wazo lake ni kufua mashuka ya gesti, anataka kununua mashine ya kufulia ya shilingi 60,000 na pesa ya mchezo, ile ya kuchangiana kwa zamu, ilikuwa karibu zamu yake. Wazo si baya hata kidogo, Lamu na Shela gesti zimejaa na mashuka yanachafuka kila siku. Tukamwambia kabla ya mashine nenda kawaulize wenye gesti, lakini usiwaulize "nikifungua dobi utaniletea?" kwa sababu huku kwetu watu wana adabu, atakwambia inshallah, karibu sana dada yangu, na wewe utatoka pale umefurahi una kastoma kumi wa hewa. Inshallah si oda. Uliza yaliyopita: wiki iliopita mashuka yako alifua nani, ulilipa kiasi gani, yaliharibika? Ulimlipa siku hio hio ama mwisho wa mwezi? Mtu akikumbuka yaliyopita hana sababu ya kukufurahisha.

Majibu aliyokuja nayo ndio yalinifurahisha mimi. Wenye gesti hawakulalamikia bei wala kuchelewa, walilalamikia rangi. Mmoja alimtolea shuka nyeupe akamwonyesha vile imegeuka kama chai ya maziwa, ngumu ukiishika, na sababu ni maji. Visima vingi vya mjini vina chumvi, maji mazuri ya kisiwa yanatoka kwenye mchanga wa Shela kule kwenye matuta, na ukifua kwa maji ya chumvi sabuni haitoi povu, unaongeza sabuni, sabuni haisuuziki, shuka inakakamaa na inabadilika. Kwa hivo mashine ya 60,000 ukiijaza maji ya kisima itakufulia vibaya kwa haraka zaidi na juu yake uilipie stima. Biashara yenyewe pale ni maji, kufua ni kitu cha pili, na hilo huwezi kulijua ukiwa umekaa nyumbani unaangalia bei za mashine.

Alafu hesabu. Nitaweka namba za mfano tu, wewe weka zako. Tuseme umepata gesti tano za vyumba vinne vinne, vyumba 20. Msimu wa wageni nusu vimejaa, vyumba 10, mashuka yanabadilishwa kila baada ya siku mbili, ni seti 5 kwa siku. Seti moja 150, unapata 750 kwa siku, mwezi 22,500. Inavutia eh? Toa sabuni, maji na stima, tuseme 40 kila seti, seti 150 za mwezi ni 6,000. Toa msaidizi 9,000. Toa kodi ya chumba 4,000. Umebaki na 3,500, na mashine ya 60,000 ukiilipa kwa hio 3,500 ni miezi 17 na zaidi, miezi yote ikiwa ya msimu. Ilhali msimu wenyewe hauko hivo. Ikifika Aprili mvua za masika na kusi inaanza kuvuma, wageni wanapungua na gesti zingine zinafungwa kabisa mpaka karibu Julai. Ukibaki na seti moja kwa siku ni 4,500 kwa mwezi, ukitoa gharama za kufua unabaki na 3,300, hata mshahara wa msaidizi haifiki sembuse kodi.

Hapo wengi wanavunjika moyo wanasema basi wazo limekufa. Mara nyingi halijafa, ila kastoma ndio si huyo. Tulikaa tukajiuliza nani Lamu anachafua nguo mwaka mzima na hana mtu wa kumfulia, jibu likawa walimu, askari, watu wa benki na wafanyakazi wa serikali walioletwa huku familia zao ziko bara. Hao kusi haiwahamishi na mshahara unaingia kila mwezi. Akaanza na beseni na maji ya kununua kwa mitungi, kwa watu wachache, akiandika kila kitu, maji yamekula ngapi na sabuni ngapi, na sasa zile 40 zangu za kubuni tukaweza kuzifuta tukaweka zake za kweli, ambazo zilikuwa juu kidogo.

Msimu nataka niukazie kidogo kwa sababu Lamu kalenda ni mbili. Kuna ya upepo, kusi ikikaza bahari inachafuka mashua nyingi hazitoki, wavuvi pesa inawaishia na maduka yote yanahisi hata yasiyouza samaki. Alafu kuna ya mwezi muandamo, Ramadhani na Maulidi zinarudi nyuma kama siku 10 au 11 kila mwaka, kwa hivo ukitumia mauzo ya miaka mitatu iliopita kupanga mwaka huu utajikuta umenunua stoki ya sambusa na kaimati mwezi ambao si wake. Ramadhani ikiangukia msimu wa wageni muuza chakula wa mchana ana kastoma wawili tofauti kabisa, mmoja amefunga na mwingine anatafuta chai, na inabidi aamue anamhudumia nani na vipi bila kukwaza watu. Ukihesabu watu jeti siku ya Ijumaa tu ama mwisho wa mwezi tu pia umejidanganya, hesabu na siku mbovu.

Na bandari. Tangu gati la kwanza la bandari ya Lamu lifunguliwe Mei 2021 kila wazo linaloletwa kwetu lina sentensi moja inayosema bandari ikichangamka. Mimi siibishii bandari lakini nenda kasimame ulipo mlango wake uhesabu wanaotoka leo wakiwa na njaa, uwauzie hao. Wa kesho utawakuta kesho.

Mambo ya sheria nitayapitia haraka. Leseni ya biashara ni ya kaunti, ya mwaka mmoja na bei inategemea aina na ukubwa, ulizia kabla ya kulipa kodi ya chumba. Ukishika chakula unatakiwa cheti cha afya na kinapimwa upya kila miezi sita, iweke kwenye hesabu. Mifuko ya plastiki ya kubebea imepigwa marufuku tangu 28 Agosti 2017, na bidhaa ya chakula iliyopakiwa ikitaka kuingia madukani itaulizwa alama ya ubora ya KEBS, shirika la viwango, hio nayo ni pesa na ni muda. Kama duka lako liko ndani ya mji mkongwe, ambao uko kwenye orodha ya UNESCO tangu 2001, usivunje ukuta wala kutundika bango kubwa kabla hujaomba ruhusa.

Sasa ndio tuje kwenye mtaji, ukiwa na daftari mkononi. Angalia pesa yako inazunguka kwa siku ngapi ndio uchague mkopo, usifanye kinyume. Hustler Fund, mkopo wa serikali wa kwenye simu, ile ya mtu binafsi inaanzia shilingi 500 mpaka 50,000 kwa riba ya asilimia 8 kwa mwaka lakini unatakiwa urudishe ndani ya siku 14. Kwa mama wa mahamri anayenunua unga Jumatatu na kuumaliza Jumamosi inaweza kumfaa. Kwa anayetaka riba isiingie kabisa kuna mchezo, kuna ndugu, na kuna benki za Kiislamu zinazokununulia kitu zikakuuzia kwa malipo ya polepole. Yule dada wa kufua, walimu wake wanamlipa tarehe tano baada ya mshahara, siku 14 hazimfikishi popote, kwa hivo yeye tulimshauri aombe nusu ya malipo siku anayochukua nguo. Wawili walikataa, waliobaki wakakubali, na hio nusu ndio inayonunua maji.