Je, wajua kwa nini ni vigumu kupima mafuta ya mwili wa mtoto mchanga?

Mizani ikionyesha kilo 4, haisemi ngapi kati ya hizo ni mafuta. Uwiano wa uzito na urefu nao hausemi: watoto wawili wenye uwiano uleule wanaweza kutofautiana sana kwa mafuta. Aliyezaliwa baada ya mimba kutimia huwa na mafuta ya takriban asilimia 10 hadi 15 ya uzito wake. Kufikia miezi 4 hadi 6, robo ya uzito au zaidi huweza kuwa mafuta, kisha sehemu hiyo huanza kupungua.

Ugumu unaanzia hapa: vipimo vingi havipimi mafuta yenyewe. Hupima maji au ujazo wa mwili, kisha mafuta hupatikana kwa hesabu, na hesabu hiyo hutegemea tishu zisizo na mafuta (misuli, mifupa, viungo vya ndani) zina maji kiasi gani. Kwa mtu mzima ni karibu asilimia 73. Kwa mchanga ni karibu 80, na hushuka kadiri anavyokua.

Chukua mtoto wa kilo 4 mwenye maji ya mwili kilo 2.8. Gawanya 2.8 kwa 0.80, upate kilo 3.5 za tishu zisizo na mafuta. Inabaki nusu kilo ya mafuta, yaani asilimia 12.5. Ukitumia 0.73 ya mtu mzima, mafuta yanashuka hadi asilimia 4 hivi, na mtoto mwenye afya anaonekana amekondeana.

Kwa ujazo, kosa hilohilo huelekea upande wa pili. Chemba ya hewa hupima ujazo wa mtoto, ujazo hutoa densiti (uzito kwa kila kipimo cha ujazo), na densiti hutoa mafuta. Kanuni ya William Siri, inayotumika sana kwa watu wazima, huchukulia densiti ya tishu zisizo na mafuta kuwa gramu 1.1 kwa sentimita ya ujazo. Ya mchanga ni karibu 1.06, kwa sababu ya maji mengi na mifupa isiyokomaa. Mtoto mwenye mafuta asilimia 12 atasomeka kuwa na zaidi ya 25. Kwa hiyo matokeo ya kifaa chochote yasikubaliwe kabla ya kujua kilipewa viwango vya umri gani.

Chemba ya wachanga yenyewe ni nzuri sana. Kipimo huchukua dakika 2 hivi, hakina mionzi, na mtoto anaweza kulia na kurusha miguu. Ila lazima awe uchi, nywele zilazwe kwa mafuta au kofia ya kubana, kwani hewa iliyonaswa kwenye nguo na nywele huharibu ujazo. Akizidi kilo 8 hivi haingii tena vizuri, na chemba ya wakubwa yenye kiti cha watoto humfaa kuanzia miaka 2.

Pengo hilo hujazwa vyema na maji yenye deuteri, hidrojeni nzito isiyo na mionzi. Mate huchukuliwa kwanza kwa pamba, mtoto hunyweshwa dozi iliyopimwa kwa bomba lisilo na sindano, kisha mate huchukuliwa tena baada ya saa 3 hivi. Kadiri deuteri ilivyopungua ukali, ndivyo maji ya mwili yalivyo mengi. Kinachoharibu zaidi ni kumwagika. Asilimia 5 ya dozi ikitemwa bila kuhesabiwa, mtoto wetu wa 12.5 anasomeka kama 8. Kwa hiyo kitambaa cha kidevuni hupimwa uzito kabla na baada. Mate yasichukuliwe mara tu baada ya kunyonya, maana maziwa huyachanganya.

Mashine ya eksirei za nguvu mbili hutoa pia picha ya mifupa, lakini mtoto lazima atulie kabisa. Ni bora apimwe akiwa amelala usingizi.

Penye vifaa vichache, kalipa ya mkunjo wa ngozi, yaani koleo la kupimia unene wa ngozi iliyokunjwa, hufaa. Weka alama katikati ya bega na kiwiko, nyuma ya mkono. Shika mkunjo sentimita 1 juu ya alama, weka kalipa, soma baada ya sekunde 2. Ukikawia, mafuta hubanwa na namba hushuka. Rudia, chukua wastani. Usiigeuze kuwa asilimia kwa kanuni iliyotungwa kwa kundi jingine la watoto. Iandike kwa milimita, uilinganishe na viwango vya Shirika la Afya Duniani, vinavyoanzia miezi 3 hadi miaka 5.