Sahihi kwenye karatasi ya upasuaji ni ya nani?

Madaktari wa upasuaji wa Unguja na Pemba tunalijua vyema jambo hili. Mgonjwa ni mtu mzima, mwenye akili zake timamu, yuko kitandani anasubiri kuingizwa chumba cha upasuaji. Karatasi ya ridhaa inampita yeye, inakwenda kwa mume, kaka au mjomba. Anayesaini ni mwengine, atakayepasuliwa ni yeye.

Kisheria ridhaa ni ya mwenye mwili. Aliyetimia miaka 18 na mwenye akili timamu ndiye anayekubali au kukataa kisu, mwanamme au mwanamke, mwenye ndoa au asiye nayo. Familia kukaa pamoja na kushauriana kabla ya jambo zito ni mila yetu njema na hakuna daktari anayetaka kuivunja. Lakini ushauri haugeuki ruhusa. Mama ambaye uchungu wake umekwama na mapigo ya moyo ya mtoto yanashuka hana haja ya kungojea mumewe arudi kutoka dago, kambi ya wavuvi. Akishaelezwa, akasema mwenyewe "nipasueni", inatosha. Nalisema hili kwa uzito kwa sababu saa zinazopotea wakwe wakimtafuta mume kwenye simu ndizo ambazo kizazi huweza kupasuka, na hapo tunaweza kuwapoteza wote wawili.

Kwa mtoto, yaani aliye chini ya miaka 18 kwa Sheria ya Mtoto ya Zanzibar ya mwaka 2011, husaini mzazi au mlezi. Na yupo mgonjwa asiyeweza kusema lolote: kijana ameanguka kutoka juu ya mkarafuu, bandama imepasuka, damu inajaa tumboni, hajitambui. Hapo daktari anaruhusiwa kufanya lile la lazima la kuokoa maisha bila kumngoja mtu. Asiongeze kazi nyengine inayoweza kusubiri mpaka mgonjwa azinduke.

Wengi wanaamini kwamba ukishasaini umejifunga, huwezi tena kulalamika. Si kweli. Uliyemsainia umemkubalia upasuaji pamoja na hatari zake ulizoelezwa, uzembe hukuukubali. Na maelezo yenyewe yana uzito kuliko wino. Sheria yetu ya madai imerithi misingi mingi ya Uingereza, na mwaka 2015 Mahakama ya Juu ya huko iliamua kesi ya mama mwenye kisukari, mfupi wa umbo, ambaye hakuambiwa kwamba mabega ya mtoto yangeweza kukwama wakati wa kujifungua. Yalikwama, na mtoto akapata ulemavu. Majaji walisema mgonjwa lazima aelezwe hatari ambayo mtu wa hali kama yake angeiona kuwa muhimu. Uamuzi ule hauifungi Mahakama Kuu ya Zanzibar, lakini kwa maoni yangu ndivyo kila daktari anavyopaswa kufanya. Basi uliza: nina maradhi gani, mtakata nini, kuna njia nyengine, nikikataa itakuwaje, na nani atakayeshika kisu? Asiyejua kusoma asomewe karatasi nzima mbele ya shahidi, ndipo aweke dole gumba.

Matokeo mabaya peke yake hayathibitishi uzembe. Kidonda kinaweza kutunga usaha hata kazi ikifanywa vizuri. Anayedai anapaswa kuonyesha kwamba daktari alikuwa na wajibu kwake, alishuka chini ya kiwango cha daktari mwenye ujuzi kama wake, na madhara yakatokana na hapo. Gozi, yaani kitambaa cha kufyonzea damu, iliyosahauliwa tumboni, au mguu mzima uliopasuliwa badala ya mbovu, ni vigumu mno kuitetea. Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani lilitoa orodha ya usalama wa upasuaji mwaka 2008, inayosomwa kabla ya dawa ya usingizi, kabla ya kukata na kabla ya mgonjwa kutoka. Ilijaribiwa katika hospitali za miji minane duniani, Ifakara ya Tanzania ikiwemo, na vifo vikashuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8. Muuguzi akikuuliza jina lako kwa mara ya tatu, usikasirike.

Kuna suala la leseni, ambalo wananchi hawalisikii sana. Chuo cha Madaktari wa Upasuaji cha Afrika Mashariki, Kati na Kusini, COSECSA, kilianzishwa mwaka 1999 na makao yake yako Arusha. Kinafundisha na kutahini mabingwa wa nchi nyingi, lakini ruhusa ya kufanya kazi hutolewa na kila nchi. Na kwa kuwa afya si jambo la Muungano, hata bingwa aliyesajiliwa Dar es Salaam anahitaji kutambuliwa na Baraza la Madaktari la Zanzibar kabla ya kupasua hapa. Wageni wanaokuja kwa kambi za upasuaji ni vivyo hivyo. Tunawashukuru kwa dhati, wanapunguza foleni ndefu. Lakini naona kambi isiyomwachia daktari wa hapa jalada kamili la kila mgonjwa isiruhusiwe. Mgeni akishapanda ndege, mshono ukifumuka mgonjwa anatujia sisi, na bila ya jalada hatujui ndani kumekatwa nini.

Mwenye malalamiko aanze kwa daktari dhamana wa hospitali, kwa maandishi, na abaki na nakala. Asiporidhika aende Baraza la Madaktari, ambalo huangalia mwenendo wa daktari na linaweza kumchukulia hatua za kinidhamu, hadi kumfutia usajili. Anayetaka fidia huenda mahakamani. Madai yana muda wa mwisho wa kufunguliwa, kwa hiyo amuone wakili mapema, akiwa na karatasi aliyopewa siku ya kuruhusiwa kutoka hospitali.