Kilomita chache si dalili ya uzima

Wengi wanaotafuta Honda ST1100, pikipiki ya safari ndefu iliyoingia sokoni mwaka 1990, hukimbilia yenye kilomita chache wakidhani ndiyo nzima. Sivyo. Pikipiki iliyolala miaka huzeeka kimyakimya: petroli huganda ndani ya kabureta, mafuta ya breki hunyonya unyevu, raba za shokapu hukauka na kupasuka. Inama utazame ubavu wa tairi. Ukikuta tarakimu 2314, tairi hilo lilitoka kiwandani wiki ya 23 ya mwaka 2014; hata kama halijawa kipara, libadilishe, tafadhali. Mimi ningechukua bila kusita iliyotembea kilomita 90,000 ikiwa na risiti za matengenezo, nikaiacha ya 15,000 iliyofunikwa turubai miaka yote.