Spana kulia si ushahidi kwamba anka imeshika

Fomu ile ile ya ukaguzi wa anka, zile bolti zinazoshikilia pleti za chuma kwenye zege, imerudi mezani tena. Sapoti 40 za mabomba ya maji ya kupoza mitambo, kila pleti ina anka nne, jumla 160, na kwenye safu ya matokeo neno moja limeshushwa kutoka juu hadi chini: "110 Nm, sawa." Ukiuliza anka zimepimwaje, unaambiwa zimekazwa kwa spana ya toki, ile inayolia ikifika nguvu ya kuzungusha iliyopangwa (Nm, yaani nyutoni-mita), na spana imelia zote. Ukionyesha wasiwasi, unapewa dawa: "Basi injinia, tuongeze kidogo."

Kuongeza kidogo hakutibu chochote. Mara nyingi ndiko kunakoua anka iliyokuwa nzima. Naandika haya kwa mafundi na wakaguzi wenzangu wa huku Moshi na Arusha wanaofunga mitambo ya umeme, hasa wale wanaokarabati vituo vya zamani vya umeme wa maji, na nitaanza na spana yenyewe kwa sababu ndiyo inayotudanganya wote.

Spana ya toki haipimi anka. Inapima ugumu wa nati kuzunguka. Ukikaza bolti, karibu nusu ya nguvu ya mkono wako inaliwa na msuguano wa nati juu ya washa, karibu asilimia 40 inaliwa na msuguano ndani ya meno, na ni kama sehemu moja tu ya kumi inayobaki kuvuta bolti. Hiyo sehemu ya kumi ndiyo kazi tunayoitaka. Kwa hiyo msuguano ukibadilika kidogo tu, mvuto unabadilika sana, na spana italia palepale.

Piga hesabu. Toki ni sawa na k mara kipenyo mara mvuto, na hiyo k ndiyo inabeba msuguano wote. Chukua M16, yaani bolti ya kipenyo cha mm 16, kwa 110 Nm. Meno yakiwa makavu na safi, k ni kama 0.20, na mvuto unatoka kN 34 (kilonyutoni; kN 1 ni kama uzito wa kilo 100). Fundi akipaka grisi ili nati iteleze vizuri, k inashuka hadi 0.12 au hapo karibu, na mvuto unaruka hadi kN 57. Bolti ikiwa imelala nje mvua zote za masika na ina kutu, k inaweza kufika 0.30, mvuto ukabaki kN 23. Spana moja, namba moja, mlio mmoja, lakini kuna anka yenye kN 23 na jirani yake yenye kN 57 kwenye pleti hiyohiyo.

Sasa angalia kichwa cha bolti au ncha ya anka. Ukiona 8.8, ambayo ni alama ya daraja la nguvu ya chuma, chuma hicho kwa M16 kinastahimili zaidi ya kN 90 kabla ya kurefuka bila kurudi. Ukiona 4.6, kinaanza kurefuka hivyo karibu na kN 38. Ile yenye grisi imeshapita hapo zamani. Haikatiki siku hiyo. Inarefuka kimya kimya, meno yanalegea, na spana bado inalia vizuri. Kama huoni alama yoyote, usiifunge kwenye sapoti ya bomba. Duka likikuhakikishia kwa mdomo kwamba ni ngumu, hicho si cheti.

Grisi nitaisemea mara moja tu. Kama mtengenezaji ameandika toki kwa meno makavu, funga makavu. Kama unahitaji kilainishi kwa sababu ya kutu, toki lazima ihesabiwe upya kwa kilainishi hicho. Huwezi kuchukua namba ya hali moja ukaitumia kwenye nyingine.

Hayo yote ni ya bolti na nati. Upande wa zege ndio wenye balaa zaidi, na spana haiuoni kabisa.

Anka ya kutanuka inashika kwa sababu nati inapovuta, koni ya mwisho inaingia ndani ya klipu, ile pete ya chuma inayoizunguka, klipu inatanuka na kubana ukuta wa tundu. Ikizidiwa, zege linang'oka kwa umbo la pia, kama funeli iliyogeuzwa, na ukubwa wa pia hiyo unategemea kina. Uwezo hauendi sambamba na kina. Unakwenda kwa kina kilichopandishwa kwa moja na nusu. Kina kikipungua kutoka mm 85 hadi mm 70, umepoteza robo nzima ya uwezo. Kwa zege la daraja la C20/25 lisilo na ufa, mm 85 inatoa uwezo wa kimsingi wa kama kN 38. Zege hilohilo likiwa na ufa unaopita kwenye tundu, unabaki na kN 27. Hapo bado hujagawa kwa vigezo vya usalama.

Na kina hupungua vipi? Drili imegonga nondo. Fundi hana ruhusa ya kukata nondo, hana muda wa kuhamisha pleti, basi anaingiza anka mpaka inapokomea kisha anakata kichwa kilichochomoza kwa grenda, nati ikae vizuri machoni. Inakazwa, inafika 110 Nm, inapita. Ndiyo maana mimi huanza ukaguzi kwa macho kabla ya kugusa spana. Anka nyingi za kutanuka zina herufi iliyogongwa kwenye ncha inayoonyesha urefu wake. Piga tochi, futa rangi kwa brashi ya waya, soma herufi, pima kilichochomoza juu ya zege, ukitoe kwenye urefu huo, upate kina. Ncha ikiwa tambarare, inang'aa, ina michirizi ya grenda na herufi haipo, iandike kuwa imefeli mpaka mtu athibitishe urefu, kwa kipimo cha mawimbi ya sauti kupitia nchani au kwa kuing'oa. Usimwonee haya aliyeifunga. Hapo ndipo bomba litakapodondokea.

Mambo mengine ya tundu nayapitia haraka. Biti iliyochakaa hutoa tundu dogo, anka ikapigwa nyundo mpaka meno yakaharibika. Biti iliyopinda hutoa tundu pana, na kwa anka ya mm 16 kinachokubalika hakizidi mm 16.5. Vumbi likibaki ndani, klipu inabana unga, haibani zege. Kwa anka za gundi vumbi ni ugonjwa kamili: puliza, sugua kwa brashi ya waya ya kipenyo sahihi, puliza tena, kwa idadi ya mara iliyoandikwa kwenye kopo. Jedwali la muda wa kukauka linasoma joto la zege, wala si joto la hewa. Asubuhi ya Julai hapa Moshi, ukuta ulio kivulini ni baridi kuliko unavyohisi ukiwa na koti. Na ukuta wa matofali yaliyofyatuliwa kwa mawe mepesi ya volkano, yanayoonekana sana mikoa hii, si zege. Anka ya kutanuka humo inasaga matundu matundu ya jiwe na kukaa legelege. Pitisha bolti ukuta mzima na uweke pleti upande wa pili.

Narudi kwenye hoja inayonichosha kuliko zote: kukaza tena siku ya pili.

Anka ya kutanuka ikikazwa leo kwa mvuto wa kN 34, haibaki hapo. Zege chini ya klipu linabonyea taratibu, mvuto unashuka, na baada ya muda hubaki kati ya asilimia 40 na 60 ya ule wa mwanzo. Hiyo ni tabia ya anka nzima, iliyofungwa vizuri. Mkaguzi asiyejua anakuja kesho yake na spana, nati inasogea kabla ya 110 Nm, anaandika "imelegea" na kuagiza ikazwe. Keshokutwa tena. Kila mzunguko unaivuta koni ndani zaidi ya klipu mpaka hifadhi ya kutanuka inaisha. Siku bomba litakapotikisika kweli na ufa ukafunguka kidogo, koni haina tena pa kuingia.

Alama nzuri zaidi ni mizunguko. Baada ya pleti kubana kwa mkono, anka nzima inafika kwenye toki yake ndani ya mizunguko mitatu au minne ya nati. Ikizidi hapo na toki haiji, anka inateleza. Ikija ghafla chini ya nusu mzunguko, kuna kitu kimekwama: meno yameharibika, au nati imeishia kwenye sehemu isiyo na meno na pleti haijabanwa kabisa. Fomu ikiwa na safu ya mizunguko, naisoma. Ikiwa na toki peke yake, imeniambia nusu ya habari.

Je, ukaguzi wa toki siku ya pili hauna maana? Naufanya, kwa asilimia 50 hivi ya toki ya kufungia, ili kukamata ile iliyosahaulika kabisa. Siuamini zaidi ya hapo.

Kipimo cha kushika ni kuvuta. Unahitaji jeki yenye tundu katikati, fimbo ya kuunganisha kwenye meno ya anka, geji yenye cheti kisichopitwa na wakati, na daraja la kusimamisha jeki. Miguu ya daraja ndiyo inayokosewa. Ikisimama juu ya pleti au karibu kabisa na anka, inalikandamiza zege lilelile unalotaka kujua kama litang'oka, na unapata majibu mazuri ya uongo. Kwa kina cha mm 85 weka miguu mm 130 au zaidi kutoka kwenye bolti. Na legeza nati ya pleti kwanza. Ukivuta anka ambayo bado imebana pleti, unaondoa tu mvuto wa awali, na geji haitakwambia lolote mpaka uupite. Panda polepole, fika mzigo wa kipimo, shikilia dakika moja hadi mbili ukiangalia sindano ya geji na sehemu ya zege inayozunguka anka. Sindano ikishuka bila jeki kuvuja, anka inatembea. Ukimaliza, kaza tena kwa toki ya mtengenezaji.

Ngapi zipimwe? Kanuni ya Uingereza BS 8539 inataka angalau 1 kati ya 40 kwa mara 1.5 ya mzigo wa kazi, au 1 kati ya 20 kwa mara 1.25, na zisipungue tatu kwa kila eneo linalojitegemea. Watu husoma uwiano, wanaruka neno eneo. Kwa anka zetu 160, nne za kwanza za ghorofa ya chini hazitoshi kama juu kulifungwa na kikosi kingine, au kwenye zege lingine. Ukikarabati kituo cha rika la kile cha umeme wa maji cha Nyumba ya Mungu, kilichoanza kuzalisha 1968, zege la zamani na la juzi ni maeneo mawili hata kama yamepakwa rangi moja. Ikifeli moja, idadi inaongezwa maradufu hapo. Zikifeli zaidi ya moja, zinapimwa zote.

Nina shaka na kipimo hiki pia, na naisema wazi. Kuvuta kwa mara 1.5 kunakamata uzembe mkubwa. Anka ya gundi iliyojazwa nusu tundu inaweza kupita. Anka isiyoidhinishwa kwa zege lenye ufa itapita leo zege likiwa zima. Ndiyo maana uthibitisho wa kusafisha na wa kina unafanyika wakati wa kufunga, mtu akiwa amesimama hapo.

Halafu kuna pleti. Wabunifu hugawa mzigo kwa nne kana kwamba pleti haipindi. Machi 1979 Tume ya Udhibiti wa Nyuklia ya Marekani ilitoa waraka namba 79-02 kwa sababu ya jambo hili hili: vituo vilitakiwa kuhesabu upya pleti za sapoti za mabomba kwa kuzingatia kupinda, na kuonyesha kigezo cha usalama cha 4 kwa anka za klipu na 5 kwa zile za kikombe (ganda linalotanuka ndani ya tundu na kupokea bolti). Pleti nyembamba ikivutwa katikati, kingo zake zinakanyaga zege na kufanya kazi kama wenzo, na anka inabeba zaidi ya robo yake. Na ukisogeza bomba, umebadilisha kila kitu: breketi yenye mkono wa mm 400 na mzigo wa kN 6, anka za juu zikiwa mm 200 kutoka ukingo unaokandamiza, inavuta kila moja ya hizo mbili kwa kN 6. Sogeza bomba mm 100 nje "lipishane na kebo", inakuwa kN 7.5. Hakuna fomu ya toki itakayoliona hilo.

Marekebisho. Anka iliyofeli haikazwi, haipakwi gundi kwa nje, haichomelewi kwenye pleti. Inatolewa au inakatwa usawa wa zege, na tundu linajazwa grauti (mchanganyiko wa saruji wa kujazia) ngumu isiyosinyaa. Tundu jipya linakaa umbali wa angalau mara mbili ya kina cha lile lililoachwa. Karibu zaidi ya hapo ni baada tu ya grauti ya lile la zamani kukomaa. Tafuta nondo kwa kifaa kabla ya kutoboa safari hii. Pleti ikihitaji matundu mapya, tengeneza pleti mpya. Kupanua tundu kwa moto kunaacha washa ikielea. Kama pleti imeacha nafasi chini kwa sababu ukuta haukunyooka, jaza grauti, usiivute kwa nati mpaka ilale. Beba bomba kwa tegemeo la muda kabla ya kulegeza nati ya kwanza, hata kama ni anka moja tu kati ya nne. Na anka zilizobadilishwa zinavutwa zote, moja moja, kila moja ikiandikiwa kina, mizunguko, mzigo wa jeki na jina la aliyeshika geji.