Kabla ya Kuuliza Siku za Jim, Hesabu Seti Zako

Kila inapokaribia Wiki ya Magonjwa Yasiyoambukiza, mwezi Novemba, kitengo chetu cha fiziotherapia hupokea watu wale wale: vijana ambao mkono haupandi juu ya bega, na akina baba walioanza kunyanyua vyuma siku 6 kwa wiki baada ya miaka 20 ya kiti cha ofisini. Nia yao ni njema, tunaiunga mkono. Tatizo ni hesabu.

"Daktari, niende jim mara ngapi?" (Mimi si daktari, lakini nimechoka kusahihisha.) Swali linalotangulia ni hili: kwa wiki nzima, kifua chako kinapata seti ngapi, yaani mizunguko ya kurudia zoezi mfululizo kabla ya kupumzika? Uchambuzi wa tafiti uliochapishwa mwaka 2019 ulionyesha kwamba kazi ya wiki ikiwa sawa, misuli hukua karibu sawa hata siku zikitofautiana. Faida ya kugawa siku iko kwingine. Ukirundika seti 10 za kifua Jumatatu, zile za mwisho unazisukuma kwa kiburi na kwa kupinda mgongo. Fanya 5 Jumatatu na 5 Alhamisi, utashangaa kilo unazoziweza.

Mwili nao una ratiba yake. Mwaka 1995 watafiti wa Chuo Kikuu cha McMaster, Kanada, walipima mkono uliofanyishwa mazoezi mazito: baada ya saa 24, kasi ya kujenga protini kwenye msuli ilikuwa zaidi ya mara mbili ya kawaida, kufikia saa 36 ilikuwa imekaribia kurudi kwenye kawaida. Ndiyo maana tunashauri kila kundi la misuli lifanyishwe kazi walau mara 2 kwa wiki, kiwango ambacho Shirika la Afya Duniani nalo linakitaja. Kufanya zaidi si kosa, mradi hujazidisha seti kwa jina la kuongeza siku.

Nguvu ina jambo la ziada: mishipa ya fahamu hujifunza. Anayetaka kubeba kilo 100 kwa skwati (kuchuchumaa na kuinuka na uzito mabegani) airudie skwati mara kwa mara, kama fundi anavyozoea cherehani yake.

Na tafadhali, maumivu si risiti ya mazoezi. Nimelisema hili mpaka sauti imekauka.

Mkojo ukiwa na rangi ya kahawia au kola baada ya mazoezi, usije kwetu na usisubiri Jumatatu. Nenda idara ya dharura. Huenda misuli imevunjika na mabaki yake yanaumiza figo. Utachukuliwa damu kupima kimeng'enya cha kreatini kinase na kazi ya figo, utatoa mkojo, na huenda ukawekewa dripu.

Kwa bega au goti, utaratibu ni huu: barua ya rufaa, kitambulisho, na kadi ya bima kama unayo. Usajili kwanza, faili lifunguliwe, ndipo tathmini. Ukikosa miadi 2 bila taarifa, nafasi anapewa mwingine na wewe unarudi mwisho wa foleni. Kila wiki kuna anayeomba tumrushe hatua. Hatuwezi, hata kama kocha wako anatufahamu.

Njoo na daftari lenye siku, zoezi, kilo na seti. Picha za kwenye kioo cha jim hazitusaidii.